Tangaza Mwisho: Mpangilio wa Hatua Katika Draiva za USB

Leo tunaingia ndani ya kerneli ya Linux, ila usikimbie. Hata kama hujawahi kuandika mstari mmoja wa C utanifuata, kwa sababu jambo ninalotaka kubishania si gumu. Kila mwenye kibanda analijua: usifungue dirisha la kuuzia kabla hujapanga bidhaa.

Nitasema msimamo wangu mapema ili tusizungushane. Draiva, yaani ile programu inayounganisha kifaa na mfumo wa kompyuta, ikikosea mpangilio wa hatua zake za kuanza, hakuna kusubiri kutakakoitengeneza. Na ule mtindo wetu wa kuweka sleep(2) kila mahali panapotusumbua, halafu tukamwambia mteja "sasa imekubali", ni kuficha maradhi. Wahenga walishasema: mficha maradhi kifo humuumbua.

Mfano wangu ni draiva za seriali kwenye USB. Nimezichagua kwa sababu zimejaa kila mahali hapa kwetu, na kwa sababu msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma.

Seriali kwenye USB, kwa ufupi

Zamani kompyuta zilikuja na tundu la pini 9 kwa nyuma, lile la RS-232. Mizani, printa za risiti na modemu vilichomekwa hapo. Data ilipita biti moja baada ya nyingine, kwa foleni, ndiyo maana ikaitwa seriali. Kompyuta za siku hizi hazina tundu hilo, lakini mizani na printa bado zipo na bado zinafanya kazi. Kwa hiyo tunaweka chipu ndogo katikati. Upande mmoja inaongea USB na kompyuta, upande wa pili inaongea seriali na mtambo.

Ukinunua kebo ya kugeuza pale Luthuli Avenue, ukaipasua, kuna uwezekano mkubwa utakuta moja kati ya hizi: PL2303 ya Prolific, FT232 ya FTDI, CP2102 ya Silicon Labs, au CH340 ya WCH. Hiyo ya mwisho ndiyo imejaa kwenye bodi za bei nafuu zinazoiga Arduino. Kwenye Linux kila familia ina draiva yake: pl2303, ftdi_sio, cp210x na ch341. Draiva hizi zote zimesimama juu ya msingi mmoja unaoitwa usb-serial. Kazi yao ya mwisho ni moja: programu yako ione faili inayoitwa /dev/ttyUSB0, iifungue, isome na iandike kana kwamba lile tundu la pini 9 halijawahi kuondoka.

Familia nyingine mnaijua vizuri zaidi, hata kama hamjui kuwa ni seriali. Zile modemu za 3G za USB, kama Huawei E220, zilizotuingiza wengi kwenye intaneti mwishoni mwa miaka ya 2000, ni vifaa vya seriali pia. Waliotumia Linux wakati huo watakumbuka kuandika amri ya kulazimisha draiva ya usbserial itambue 12d1:1003, huku wakiomba Mungu :-)

Safari ya kutoka tunduni hadi /dev/ttyUSB0

Ukichomeka kebo, mambo haya hutokea kwa mfuatano:

1. Kifaa kinapata umeme. Kiwango cha USB 2.0 kinataka mfumo usubiri angalau milisekunde 100, ili mguso wa pini utulie kwanza.

2. Mfumo unakirudisha kifaa kwenye hali yake ya mwanzo, kisha unakipa milisekunde 10 za kujikusanya.

3. Kifaa kinapewa anwani yake. Kabla ya hapo kila kifaa kipya hujibu kwa anwani 0, ndiyo maana viwili haviwezi kusajiliwa kwa mpigo kwenye basi moja. Lazima kimoja kisubiri kingine.

4. Mfumo unasoma maelezo ya kifaa. Muhimu zaidi ni namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa: 067b:2303 kwa PL2303, 0403:6001 kwa FT232, 1a86:7523 kwa CH340 ya kawaida.

5. Kwa namba hizo mfumo unatafuta draiva inayolingana na kuiuliza, "huyu ni wako?"

6. Ikikubali, msingi wa usb-serial unatenga kumbukumbu, unahesabu milango ya kupitishia data, na kuandaa bafa za kila poti.

7. Draiva ya chipu yenyewe inaongea na chipu na kuiweka sawa.

8. Poti inapewa namba, inasajiliwa, na jina /dev/ttyUSB0 linajitokeza mbele ya dunia nzima.

Hatua ya 7 inaweza kuwa kichekesho. Fungua draiva ya pl2303 uone. Inasoma thamani kwenye 8484, inaandika kwenye 0404, inasoma tena 8484, kisha 8383, kisha 8484, inaandika tena 0404, na kuendelea hivyo. Majibu ya kusoma kote huko hayatumiwi kwa uamuzi wowote, na hakuna maelezo pembeni ya kusema kila hatua inafanya nini. Ni kama kisomo cha mganga: unakisoma kwa mpangilio uleule uliopewa, hubadilishi neno.

Lakini hatua ninayotaka uikazie macho ni ya 8. Hatua zote zilizotangulia ni kazi ya jikoni, mgeni haoni kitu. Ya 8 ndiyo mwaliko. Ukishatoa mwaliko, huna mamlaka tena juu ya saa atakayofika mgeni.

Mgeni ameshafika mlangoni

Najua kuna anayesema: lakini hiyo ni milisekunde chache tu. Nani atawahi kuingia hapo katikati?

Atawahi. Jina la kifaa likitokea, kerneli inatuma habari kwa udev, na udev inaweza kuendesha amri yoyote uliyoiandikia papo hapo. Hakuna binadamu anayebonyeza kitu. Kwa miaka mingi kulikuwa pia na ModemManager, programu inayotafuta modemu. Iliona poti mpya, ikaifungua na kutuma amri za AT kuuliza "wewe ni modemu?", hata kama kilichochomekwa ni bodi ya Arduino ya mwanafunzi. Waliojaribu kupakia programu kwenye bodi wakakuta poti imekaliwa wanajua ninachosema. Na hapo bado hatujataja programu yako mwenyewe, ile inayozunguka ikiangalia kama /dev/ttyUSB0 imeshafika.

Sasa fikiria draiva iliyofanya hatua ya 8 kabla ya ya 7. Mgeni anafungua poti wakati chipu haijawekwa kasi. Anasoma takataka. Au anaandika, na maneno yake yanapotea. Au, mbaya zaidi, msimbo unagusa kumbukumbu ambayo bado haijatengwa, na kosa linakuwa la kerneli yenyewe, si la programu moja tena.

Kosa hili lina tabia mbaya: halitokei kila mara. Kwenye mashine yako linatokea mara moja katika mwezi. Kwenye mashine ya mteja, yenye prosesa ya aina nyingine, linatokea kila asubuhi umeme ukirudi. Ukienda kuangalia, halitokei. Unarudi ofisini, simu inalia.

Kuwepo si kutangazwa

Watu huona jambo hili ni rahisi: weka usajili mwishoni, basi. Ni rahisi mpaka vitu viwili vinapohitajiana, kila kimoja kikitaka mwenzake atangulie. Hilo liliwahi kutokea kwenye msingi wenyewe wa usb-serial.

Draiva ya seriali ya USB kwa kweli ni draiva mbili. Moja inajisajili upande wa USB, kazi yake ni kupokea kifaa kinapochomekwa. Nyingine inajisajili upande wa seriali, nayo inajua lugha ya chipu. Kwa miaka mingi draiva nyingi zilisajili za seriali kwanza na ya USB mwisho. Inaonekana ni busara: wafanyakazi waingie kwanza, kisha mlango wa mbele ufunguliwe.

Tatizo ni kwamba nyumba ilikuwa na mlango wa nyuma. Draiva ya seriali ikisajiliwa tu, inatokea faili inayoitwa new_id ambayo mtu anaweza kuiandikia namba mpya ya kifaa, ili draiva ikitambue bila kuandika msimbo upya. Ni huduma nzuri sana kwa modemu mpya ambazo kerneli haijazijua. Lakini amri ya udev ikiwahi kuandika humo mara moja, mfumo unakwenda kuiamsha draiva ya USB ambayo bado haijasajiliwa. Unaita jina la mtu ambaye hajazaliwa. Matokeo yake ni kerneli kuumia.

Marekebisho yaliingia mwaka 2012, yakiandikwa na Alan Stern, mmoja wa watu wanaojulikana sana kwa kazi ya USB kwenye Linux. Yalileta njia moja ya kusajili zote kwa pamoja, usb_serial_register_drivers, na mpangilio ukageuzwa. Sasa draiva ya USB inasajiliwa KWANZA, lakini orodha yake ya namba za vifaa ikiwa tupu. Ipo, ina kumbukumbu yake, ukiiita inaitika, ila haimpokei mteja yeyote. Kisha draiva za seriali zinasajiliwa. Zote zikiwa tayari, ndipo ile ya USB inapewa orodha yake na kuambiwa: haya, sasa pita kwenye vifaa vilivyokwisha kuchomekwa uone vilivyo vyako.

Soma tena aya hiyo. Hakuna sekunde hata moja ya kusubiri iliyoongezwa. Kilichofanyika ni kutenganisha mambo mawili tuliyozoea kuyachanganya, kuwepo na kutangazwa. Draiva inaweza kuwepo mapema kadiri unavyotaka, mradi tangazo linakuja mwisho.

Ujanja huohuo uko mahali pengine ndani ya usb-serial. Modemu moja huweza kuwa na poti kadhaa, na kila moja husajiliwa kwa zamu yake. Je, mtu akifungua ya kwanza wakati ya tatu bado inaandaliwa? Msingi unakiwekea kifaa alama ya "kimechomolewa" tangu kabla ya kusajili poti ya kwanza, na hauiondoi mpaka ya mwisho imalizike. Anayewahi mno anaambiwa kifaa hakipo. Ni jibu kali, lakini ni jibu la wazi. Mtu aliyeambiwa "bado" atarudi. Mtu aliyekaribishwa kwenye nyumba isiyo na sakafu atavunjika mguu.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba pembeni mwa msimbo huo, pote pawili, kuna maelezo ya Kiingereza ya kawaida yanayosema KWA NINI mpangilio uko hivyo. Mpangilio usioandikiwa sababu hauishi. Atakuja kijana mwenye bidii, aone mistari miwili inapendeza zaidi ikibadilishana nafasi, aibadilishe, na majaribio yote yapite. Miezi sita baadaye tunatafuta mchawi.

Sekunde mbili za uongo

Sasa tuje kwa ile sleep.

Chukulia kituo cha kukusanyia maziwa. Kuna mizani ya kidijitali yenye kebo ya kugeuza, kuna printa ya risiti yenye kebo nyingine, na kompyuta ndogo. Karani anapima, programu inasoma kilo, risiti inatoka, mkulima anaondoka na karatasi inayosema atalipwa nini mwisho wa mwezi. Umeme unapotea, unarudi. Programu inaanza kabla ya mizani kuwa tayari na inashindwa. Fundi anaongeza sleep(2) mwanzoni. Inafanya kazi. Anapokea hela yake, anaondoka.

Je, nini kimetengenezwa? Hakuna. Fundi amepima kasi ya mashine moja, siku moja, na kuandika jibu hilo kana kwamba ni sheria ya maumbile. Kesho mteja anabadilisha kompyuta na kuweka Raspberry Pi inayowaka polepole, sekunde mbili hazitoshi. Kesho kutwa anaongeza kitovu cha USB chenye vifaa vinne, foleni ya usajili inarefuka, sekunde mbili hazitoshi. Fundi anarudi na kuweka tano. Kisha kumi. Karani naye amejifunza mwenyewe kuchomoa na kuchomeka tena, na kazi hiyo ya draiva sasa anaifanya yeye bila malipo.

Hapo kuna jambo la hatari kuliko programu kushindwa. Majina ya ttyUSB hutolewa kwa kufuata nani amefika kwanza. Leo mizani ni ttyUSB0 na printa ni ttyUSB1. Umeme ukirudi vibaya, printa inawahi, majina yanabadilishana. Sasa programu inaomba uzito kwa printa. Ukiwa na bahati, itakataa na kulia. Ukiwa huna, mtu amekadiria kilo kwa macho ili foleni isonge, na mkulima aliyeamka saa kumi alfajiri kukamua ndiye anayelipia. Sleep ya saa nzima haitengenezi hilo, kwa kuwa tatizo halikuwa muda hata kidogo.

Nawasikia wanaonipinga, na hoja yao ina uzito. Wanasema mteja anataka kazi leo, hana pesa ya kukulipa usome kerneli. Wanasema pia kwamba hata kiwango cha USB chenyewe kimejaa kusubiri, si umetaja milisekunde 100 hapo juu?

Kweli, nimetaja. Lakini tofautisha kusubiri kwa aina mbili. Milisekunde 100 zile zimetoka kwenye waraka wa kiwango, zina sababu ya kimwili, yaani vyuma viwili vinavyogusana huchezacheza kabla ya kutulia, na mtengenezaji wa kila kifaa anazijua. Huko ni kusubiri kwa mkataba. Sekunde mbili zako hazina waraka wala sababu. Huko ni kusubiri kwa dua. Ukitaka kujua umeshika aina gani, jiulize: ninasubiri NINI? Ukiweza kukitaja kwa jina, basi mara nyingi unaweza pia kukiuliza kama kimeshafika, na huhitaji kukisia. Usipoweza kukitaja, hujui unachosubiri.

Na ukiweka sleep ndefu ndani ya draiva yenyewe ni vibaya zaidi. Vifaa vipya vya USB hushughulikiwa kwa foleni. Draiva inayolala sekunde mbili wakati wa kuanza inaweza kuwasimamisha walio nyuma yake, kama matatu iliyoegesha katikati ya njia ikisubiri abiria mmoja.

Kuhusu mteja asiye na pesa: kupanga hatua upya mara nyingi hakuongezi hata mstari mmoja. Safari tatu za kurudi kwake ndizo ghali.

Kufunga nako kuna mpangilio

Kila kilichopandishwa kwa mpangilio kinashushwa kwa mpangilio wa kinyume. Mtu akichomoa kebo ghafla, na watu huchomoa ghafla, usb-serial haianzi kwa kuachilia kumbukumbu. Kwanza inaweka ile alama ya kimechomolewa, mgeni mpya asiingie. Kisha inawakatia laini waliomo ndani. Kisha inasimamisha maombi ya data yaliyokuwa njiani. Ndipo inafuta usajili wa poti, na kumbukumbu inaachiliwa mwisho kabisa, pale mtumiaji wa mwisho anapoondoka.

Sheria hiyohiyo inafanya kazi mambo yanapoharibika katikati ya kuanza. Kama hatua ya 7 imeshindwa, unarudi nyuma ukifuta ya 6, kisha ya 5. Hufuti ya 8, kwa sababu hukuifikia. Hii nayo ni faida ya kutangaza mwisho: ukishindwa kabla ya tangazo, hakuna mtu wa kumwomba radhi.

Sisi wa programu za kawaida tufanye nini?

Wengi wenu hamtaandika draiva, na si lazima. Lakini mnaandika programu zinazoitumia, na mpangilio unawahusu vilevile. Fanyeni haya:

Kwanza, achaneni na /dev/ttyUSB0 ndani ya programu. Angalieni /dev/serial/by-id, pale kifaa kinaitwa kwa utambulisho wake, si kwa nafasi yake kwenye foleni. Onyo: chipu nyingi za CH340 hazina namba yake ya pekee, kwa hiyo mbili zitagongana majina. Hapo tumieni /dev/serial/by-path, inayofuata tundu lililochomekwa, kisha mbandike karatasi kwenye tundu: MIZANI, PRINTA. Si aibu.

Pili, msizunguke mkichungulia kama faili imetokea. Andikeni sheria ya udev, kifaa kikifika mfumo uwaite.

Tatu, mkifungua poti, wekeni kasi na mipangilio yote kwanza, mwage mabaki yaliyokuwa kwenye bafa, ndipo muanze mazungumzo. Kerneli yenyewe inafuata adabu hii. Ukifungua poti, inaandaa kwanza maombi ya kusoma, kisha ndipo inainua waya wa DTR unaouambia upande wa pili "nipo". Sikio kwanza, salamu baadaye. Ingefanya kinyume, jibu la kwanza la kifaa lingeweza kuanguka chini bila mtu wa kulidaka.

Nne, na hii ni ya watu wa Arduino hasa. Kwenye bodi kama Uno, kufungua poti kunainua DTR, na DTR inaiwasha bodi upya. Ndiyo maana mifano mingi ya Python ina time.sleep(2) baada ya kufungua. Itoeni. Badala yake bodi ikimaliza kuanza itume neno moja, tuseme TAYARI, na programu ya kompyuta isubiri neno hilo, ikiwa na kikomo cha muda na ujumbe wa kueleweka kikomo kikipita. Wenyewe Arduino wana mfano unaoitwa SerialCallResponse wenye wazo hilohilo: bodi inaita mpaka iitikiwe. Hamtasubiri sekunde mbili wakati nusu inatosha, wala hamtaanza kuongea na bodi iliyolala.

Tano, pale mpangilio unapokuwa wa lazima, andikeni sababu yake pembeni mwa msimbo. Mstari mmoja unatosha: "hii isitangulie ile, kwa sababu hii na hii". Kiswahili, Kiingereza au Kigikuyu, chochote atakachoelewa atakayekuja baada yenu.

Kwa kumalizia

Tunapenda kusema haraka haraka haina baraka, na wengi wanaitumia methali hiyo kutetea sleep. Naona wameielewa vibaya. Mwenye haraka hakosi baraka kwa sababu hakupoteza sekunde mbili. Anakosa kwa sababu ameruka hatua. Mtu anaweza kwenda polepole kabisa na bado akavaa viatu kabla ya soksi.

Jina la kifaa likitokea kwenye /dev, hiyo ni ahadi kwamba anayegonga atafunguliwa na kuhudumiwa. Draiva isitoe ahadi hiyo mpaka iweze kuitimiza, na programu zetu zisitoe zake pia. Kwa hiyo kabla hujaandika sleep nyingine wiki hii, simama kidogo ujiulize unasubiri nini hasa, na ni nani aliyetangaza mapema. Ukimpata huyo aliyetangaza mapema, mpeleke nyuma ya foleni. Ile sleep hutaihitaji tena.